Sukari Iliyomezwa na Kitabu

Mwezi uliopita tulimzika Dokta Makokha kwao Nambale, na tangu asubuhi hadi saa nane mchana nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wazima wakisema uongo kwa zamu. Emsii, kijana wa koti la kung'aa, alimwita marehemu nguzo ya sayansi. Mchungaji alisema alikuwa mtu mwenye njaa ya ukweli. Diwani mmoja mstaafu, ambaye naapa hawezi kutofautisha darubini na miwani, alisema Busia nzima imepoteza ubongo wake. Kwenye programu ya mazishi palikuwa na picha ya marehemu ndani ya koti jeupe la maabara, koti ambalo kwa muda wote niliomjua halikuonja tone la kemikali. Na hakuwa daktari. Hakuwa daktari wa watu, wala wa ng'ombe, wala wa vitabu. Jina la Dokta alijibatiza mwenyewe, na sisi wanafunzi tukalitumia kwa sababu ndiye aliyesahihisha mitihani yetu. Nilikuwa nimealikwa kusema machache kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani, mimi Nabwire, mkuu wa maabara hospitalini, mtu aliyefika mbali. Karatasi nilikuwa nayo mkobani, lakini haikuwa na neno, kwa kuwa kila nilipojaribu kuandika nyumbani nilijikuta nacheka peke yangu. Kisha nikainua macho, na katika hema la upande wa pili nikamwona Amoit, amekaa wima kama alivyokaa darasani zamani, mikono magotini, akiusikiliza upuuzi wote ule kwa makini.

Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka tuliosoma naye Malaba. Ya kwetu Funyula nayaruka. Kila mtu ana kwao, na kwetu hakuna cha ajabu. Mimi na Amoit tulipanga chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, chenye dirisha moja lililotazama malori. Malori yalipanga foleni mchana kutwa yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na moshi wake ulipaka kila kitu: sufuria, shuka, hata chumvi ilikuwa na rangi ya majivu. Tulipika sakafuni kwa stovu ya mafuta ya taa, ugali wa mihogo na mtama, na majani ya kunde ambayo Amoit aliyaita eboo na kuyaunga kwa karanga hadi kijiko kikasimama. Alikuwa msichana wa Moding, mrefu, mpole kiasi cha kuudhi, na alikuwa ametumwa. Zahanati moja ya kanisa upande wa kwao ilikuwa imejenga chumba cha maabara, ikanunua darubini, ikamwekea yeye nafasi. Akishinda mtihani wa mwisho wa mwaka ule, kazi ni yake. Akianguka, inakwenda kwa mwingine, maana wagonjwa hawawezi kungojea mwanafunzi arudie mwaka. Kila alipokwenda nyumbani alipewa ufunguo wa chumba kile, akafungua dirisha, akapangusa meza, akafunga, akarudi Malaba kusoma. Alinieleza habari za meza hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mimi sikuwa na chumba kinachoningoja popote, na badala ya kumwonea wivu kama binadamu wa kawaida, niliamua kumwona mshamba.

Chuo chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, na fundi wa chini akianza kukata chuma somo lilisimama. Kilifundisha wasaidizi wa maabara kwa mwaka mmoja, kikatoa cheti chake chenyewe, chenye mhuri mkubwa kuliko maandishi. Dokta Makokha alifundisha kemia ya mwili, na namna yake ya kufundisha ilikuwa moja tu. Aliingia na faili la kijani, akaketi, akavaa miwani, akatusomea. Alisoma hadi alama. "Protini, koma, ambayo hujengwa kwa asidi amino, nukta." Sisi tuliandika. Mtu akiuliza swali, alingoja amalize, kisha akaendelea pale alipoishia. Na wakati wa kusahihisha aliweka rula juu ya karatasi yako, mstari kwa mstari, akilinganisha na faili, na neno lisilokuwa la faili lilikatwa. Nimekutana na walimu wengi wavivu tangu hapo, lakini sijaona mwingine aliyeufanya uvivu uonekane kama ibada. "Siwafundishi kufikiria," alikuwa anasema, na alijivunia jambo hilo. "Kufikiria mtaenda kufanyia kwenu. Hapa nawafundisha kupita."

Muhula wa pili alitusomea kuhusu tishu unganishi, yaani vile vitu vinavyoshikilia mwili usimwagike: kano, gegedu, ngozi ya ndani. Somo lenyewe ni zuri, na linaniuma kwamba nililipata kwanza kutoka mdomoni mwake. Ndani ya gegedu la goti lako kuna molekuli zilizoundwa kwa vitu viwili ambavyo jikoni tunaviweka mbalimbali, wanga na nyama, kabohaidreti na protini. Protini ni uti mrefu katikati, na minyororo ya sukari imetokeza pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Minyororo hiyo hushika maji, na maji hayo ndiyo yanayobeba uzito wako unaposhuka ngazi na gunia kichwani. Jambo la kujiuliza ni jinsi sukari ilivyoshikana na protini, kwa sababu pasipo kiungo hicho kuna nyuzi zinazoelea tu. Dokta alichora ubaoni. Mstari wa wima, protini. Juu yake kituo kimoja, asidi amino iitwayo serini. Kutoka serini, galaktosi. Kisha galaktosi nyingine. Kisha asidi ya glukuroni. Halafu mnyororo mrefu unaojirudia. Akageuka, akatuangalia kana kwamba yeye ndiye aliyezipachika, akasema tuchore hivyo hivyo, na tusiongeze mapambo.

Jioni tulikula kwa Mama Sera. Alikuwa mwanamke wa upande wa Uganda aliyevuka kila siku na sufuria lake kubwa la molokoni, supu ya miguu ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri hadi mfupa ukaachia kila kitu ulichokuwa umeshika. Ukiiacha ikapoa iliganda, ukaweza kuikata kwa kisu. Madereva waliokwama kwenye foleni walikaa kwenye benchi zake wakanywa na kuzungumzia magoti yao, maana dereva wa safari ndefu huzeeka kuanzia magotini. "Hii kitu inaingia mpaka kwa joint," dereva mmoja wa Nakuru alikuwa anawaambia wenzake. "Ni kama grisi. Nakunywa Malaba, naisikia Mombasa." Mama Sera aliunga mkono kwa maslahi yake: "Kunywa, ssebo, magoti itacheka." Mimi nilisikiliza nikiwa nimekunja pua, nikamnong'oneza Amoit kwamba tumbo linavunjavunja vyote kabla havijafika gotini, na hawa watu ni wajinga. Amoit alikuwa anageuza kipande cha gegedu mdomoni. "Lakini wanauliza, Nabwire," akasema. "Wanajua iko kitu hapo ndani, na wanataka kujua inashikana namna gani. Sisi tuliambiwa tu, tukaandika." Nilimwona anajifanya mtakatifu, na nikaagiza bakuli la pili.

Yeye ndiye aliyekileta kitabu. Dada yake alikuwa ameolewa Tororo na mwalimu wa wauguzi, na Jumamosi Amoit alivuka daraja kwenda kuwatembelea. Siku moja akarudi na kitabu kizito cha kemia, amekifunga kwa kanga ili kisilowe. Tukakifungua kitandani. Tulikijua mara moja, kwa sababu faili la kijani la Dokta lilikuwa fotokopi ya kitabu kile kile, michoro ile ile, hata doa la wino kwenye pembe ya mchoro mmoja tulilikuta limechapishwa. Tukafika kwenye tishu unganishi. Mchoro ulikuwa umechukua kurasa mbili: protini na serini kwenye ukurasa wa kushoto, sukari kwenye ukurasa wa kulia, na pale katikati, kwenye bonde la mgongo wa kitabu, palikuwa na sukari moja ambayo hatukuwahi kuisikia. Zailosi. Serini, zailosi, galaktosi, galaktosi, asidi ya glukuroni. Kesho yake tulimwomba Dokta faili, tukamdanganya kwamba tunataka kuhakiki alama za nukta, na pale penye zailosi tukakuta mlia mweusi wa kivuli. Aliyetoa fotokopi hakukibana kitabu vizuri kwenye kioo. Mgongo ulikuwa umeinuka, kivuli kikameza sukari ya kwanza, na Dokta, alipokuta pengo jeusi kati ya serini na galaktosi, akaviunganisha kwa kalamu yake mwenyewe. Mstari wa kalamu ulionekana. Miaka yote aliyofundisha, watu walitoka pale na cheti wakijua mnyororo usio na kichwa.

Nakiri nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku yoyote ya ujana wangu. Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Amoit hakucheka. Alisema tumwambie kwa upole, faraghani, arekebishe kabla ya mtihani. Mimi nilitaka iwe mbele ya watu, na nilishinda, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mdomo. Nikamwongoza hadi tukapanga onyesho la maabara. Tulinunua koo la ng'ombe kwa mchinjaji, tukachuna pete za gegedu, tukazikata vipande vidogo, tukaziloweka siku mbili kwenye kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo hukata sukari kutoka kwenye serini. Tukachuja, tukamwaga spiriti, nyuzi nyeupe zikashuka chini ya chupa. Chuoni kulikuwa na kemikali moja ya kupima sukari za kaboni tano: ukichemsha nayo, sukari za kaboni tano hutoa kijani, na za kaboni sita, kama galaktosi, hubaki kahawia ya matope. Zailosi ni ya kaboni tano. Siku ya maabara Amoit alisimama mbele akachemsha bomba la kioo, na likageuka kijani mbele ya darasa zima. "Dokta," akasema kwa sauti yake ya chini, "kwa kitabu kuna zailosi hapa kabla ya galaktosi. Tulikuwa tunaomba tu uangalie." Dokta aliliangalia bomba, kisha akasema, "Mwalimu hapa ni nani?" na akatuamuru tuoshe vyombo.

Leo naweza kusema jambo ambalo wakati ule sikulijua. Kijani kile hakikuthibitisha kitu. Asidi ya glukuroni, ambayo imejaa tele kwenye mnyororo, hutoa rangi inayokaribia ile ile ikichemshwa hivyo, na zailosi ni moja tu kwa mnyororo mzima. Haingeonekana hata kidogo. Kitabu kilikuwa sahihi, lakini bomba letu lilikuwa upumbavu mtupu, na mtu aliyejua somo lake angetumaliza pale pale kwa sentensi moja, tukakaa chini na aibu yetu. Nimeitumia habari hii kumdharau Dokta kwa miongo kadhaa. Nilikuwa nikiwasimulia wafanyakazi wangu wakati wa chai: tulimletea hoja mbovu, na hakuwa na akili ya kuiona kuwa mbovu. Wafanyakazi walicheka kila mara, nami niliongeza chumvi kila mwaka.

Wiki tatu kabla ya mtihani nilikuwa kwenye kijichumba cha kuhifadhia vifaa, nikihesabu vioo vya darubini, wakati Dokta na Madam mkuu wa chuo walipoingia ofisi ya jirani. Kati yetu palikuwa na ubao wa plaiwudi. Nilisikia kijiko kikikoroga chai. "Huyo msichana wa Moding amenivua nguo," Dokta akasema. "Swali la tishu nimeliweka namba moja, na ni la lazima. Akikosa hiyo, karatasi yote imeenda." Madam akauliza zahanati itaambiwa nini, maana wanangoja mtu. Dokta akanywa chai kwanza. "Wanangoja mtu, hawangoji yeye. Yule Nabwire wa Funyula ana kichwa. Na yule si mkaidi, ni mdomo tu. Ukimwangalia vizuri utaona ataandika vile nimesema." Madam akasema basi sawa, mradi jina lipatikane, na wakaanza kuzungumza juu ya mabati ya choo. Nilibaki pale na vioo mkononi. Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Nilichohisi ni joto zuri kifuani, kwa sababu mtu alikuwa amesema nina kichwa.

Nilimwambia Amoit habari ya swali la lazima. Habari ya zahanati sikumwambia. Alikaa kitandani akafikiri, akichezea ufunguo wa kile chumba cha kwao, ambao safari hiyo alisahau kuurudisha. "Sisi ndio wawili wa mbele kwa alama," akasema mwishowe. "Mimi peke yangu ataniangusha, atasema ni ujeuri. Lakini wote wawili tukiandika zailosi, hawezi kutuangusha wote wawili. Madam atauliza. Itabidi wafungue kitabu." Nikasema ndiyo. Akaniangalia. "Nabwire, kama unaogopa, sema tu. Nitaandika galaktosi, nipate kazi, nitafundisha watu ukweli nikifika huko. Sitakulaumu." Alikuwa amenifungulia mlango kabisa. Ningesema tu kwamba naogopa, sote wawili tungeandika uongo na yeye angeenda kukaa mbele ya meza yake. Lakini mimi, niliyewaona watu wote wajinga, ningesemaje mbele ya mshamba wa Moding kwamba naogopa? "Mimi siogopi mtu anayenakili kivuli," nikamwambia. "Tunaandika zailosi." Tukapeana mikono, tukapika eboo, na nilikula kwa hamu.

Mtihani ulifanyika ukumbini, madirisha wazi, malori yakinguruma nje. Swali la kwanza lilitaka tueleze na kuchora jinsi kabohaidreti na protini zinavyounganishwa katika molekuli za tishu unganishi. Amoit alikuwa meza ya mbele, upande wa kushoto, na niliuona mgongo wake ukiinama kuanza kuandika bila kusita. Nilichora mstari wa wima. Nikaandika serini. Kisha nikaandika galaktosi. Sikutetemeka, wala sikuombea chochote. Nilikumbuka sauti ile nyuma ya plaiwudi ikisema ataandika vile nimesema, na niliandika vile alivyosema, neno kwa neno, nukta kwa nukta, hata ile koma isiyo na kazi baada ya neno protini. Tulipotoka Amoit akaniuliza, "Tumeandika?" Nikasema, "Tumeandika." Hata sikulazimika kudanganya, na usanii huo mdogo niliuona wa busara sana wakati ule.

Matokeo yalibandikwa ubaoni karibu na ngazi. Jina langu lilikuwa la kwanza. La Amoit lilikuwa mwisho kabisa, na mbele yake neno moja: arudie. Alisimama akilisoma kwa muda, kisha akageuka, na badala ya kunilaumu akaniuliza, kwa mshangao niliouona wa kweli, mimi nimepitaje. Nikamwambia labda maswali mengine yamenibeba. Akaitikia kwa kichwa. Siku mbili baadaye Madam aliniita ofisini na kunipa barua ya kwenda zahanati ile upande wa Moding, na Amoit ndiye aliyenisaidia kufunga mizigo. Alinipa ufunguo mkononi. "Dirisha linakwama," akaniambia. "Lisukume kutoka chini." Hakurudia mwaka, kwao walikwisha kumpa mtu mwingine matumaini yao, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilifanya kazi kwenye meza ile, nikapanda, nikahamia hospitali kubwa, nikasoma tena, nikapata vyeti vyenye maandishi makubwa kuliko mihuri. Amoit alifungua duka la dawa za mifugo na mbegu pale Malaba. Kila Krismasi alinitumia salamu, na kila ninapopita huniwekea soda baridi, huuliza habari za maabara, na husikiliza majibu kama mtu anayeyataka. Nilikuwa natoka pale nikimdharau hata kwa hilo. Nilijiambia hana kisirani kwa sababu hana akili ya kuhesabu alichopoteza.

Basi kule Nambale emsii aliniita jina langu na vyeo vyangu vyote. Nilishika kipaza sauti. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba mtu huyu aliharibu kichwa cha kila aliyepita mikononi mwake, na Mungu anajua nilitaka. Nikamtazama Amoit, naye akanitazama. Nikasema, "Dokta alitufundisha kupita," na hema zima likapiga makofi, na mjane akaitikia kwa kichwa. Nilirudi kuketi nimejichukia, lakini si sana, nimezoea. Chakula kilipotolewa nilibeba sahani yangu hadi hema la pili nikakaa kando ya Amoit. Tulikuwa na wali, ndengu na nyama yenye gegedu jingi kuliko nyama. Nikamuuliza amefuata nini kwenye mazishi ya mtu aliyemharibia maisha.

"Alikuwa kastoma wangu," akasema. "Alifuga kuku uzeeni. Kila mwezi alikuja kununua dawa, tunaongea."

"Mnaongea nini na mjinga yule?"

Amoit akatoa mfupa mdomoni, akauweka kando ya sahani. "Hakuwa mjinga, Nabwire. Zailosi alijua. Baada ya ile siku ya bomba alienda Tororo yeye mwenyewe, kwa shemeji yangu, akaangalia kile kitabu, nilikuwa nimekirudisha. Shemeji aliniambia."

Nikasema haiwezekani, maana aliendelea kusoma galaktosi kutoka kwenye faili lile hadi chuo kikafungwa.

"Alisema akibadilisha, wale wote aliwapa cheti wataambiwa nini. Wako kazini, wako na wagonjwa mbele yao. Aliogopa." Akasogea kumwachia mama mmoja apite na maji ya kunawa. "Aliniambia mwenyewe. Ile wiki ya kusahihisha aliniita kwa ofisi, akafunga mlango. Akanipa karatasi yangu na kalamu. Akasema nifute nirekebishe, hakuna mtu atajua, niende kwa kazi yangu. Nikamwambia siwezi, tumeahidiana na Nabwire, nitamwachaje peke yake?"

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nilikiweka chini.

"Hapo ndio akatoa karatasi yako," Amoit akasema. "Akaiweka kando ya yangu ndio nisome."

Kwenye hema walikuwa wameanza kuimba tena, na emsii alikuwa akiomba wenye magari wayasogeze. Ule mshangao wake mbele ya ubao wa matokeo, ule aliponiuliza nimepitaje, ulikuwa ni nafasi ya pili aliyonipa, na hiyo nayo niliikanyaga.

"Ulipoiona," nikasema, "si ungechukua kalamu? Mimi nilikuwa nimeshakuacha. Ungechukua tu kalamu, Amoit."

"Nilifikiria. Nilishika hata kalamu." Akatazama mikono yake. "Nikaona nikiandika, tutakuwa watatu kwa hiyo ofisi, yeye, mimi na karatasi yako, tunajua ukweli na tumeuficha. Nikaona ni wengi."

"Na kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii. Unanipa soda."

Alinitazama kwa upole ule ule uliokuwa ukiniudhi tangu Malaba.

"Ningekuambia, ungeiacha kazi unirudishie?"

Nilifikiri kwa dhati. Nilimwona msichana yule aliyekuwa mimi, akisukuma dirisha kutoka chini, akiketi mbele ya meza, akiweka kioo cha kwanza kwenye darubini.

"Hapana," nikasema.

"Basi ningekuambia ya nini?" akasema, na akavuta sahani yake karibu akaendelea kula.